"Leo unaongea kama nani?" Kisa cha mbunifu majengo aliyehamia usimamizi wa mradi Dodoma

Ilikuwa kikao cha saiti cha Jumatano moja mwezi Mei 2024, Iyumbu, jijini Dodoma. Tulikaa kwenye mabenchi ya mbao mbele ya stoo ya saruji: mkandarasi, fundi mkuu, mhandisi wa miundo, mimi mkadiriaji majenzi (mtu wa kuhesabu gharama za jengo), na dada ambaye kisa hiki ni chake. Alimwambia mkandarasi kwamba vigae vya korido ya chini visifuate urefu wa korido, vilazwe kukata upana, ili mtu akiingia asijione kama yuko kwenye handaki. Wazo lilikuwa zuri. Mkandarasi aliweka kalamu chini, akamuuliza kwa adabu zote: "Samahani dada, leo unaongea kama nani? Kama ni mbunifu, niandikie maagizo na mimi nilete madai yangu. Kama ni mtu wa mteja, basi ngoja nimuulize mbunifu."

Wiki tatu nyuma yeye ndiye aliyekuwa mbunifu wa jengo lile. Siku ile alikuwa msimamizi wa mradi, ameajiriwa na mteja. Hakujibu. Aliandika kitu kwenye daftari lake, kikao kikaendelea na suala la saruji.

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa sababu vijana wengi wa ubunifu majengo hapa Dodoma wananiuliza kuhusu njia hiyohiyo. Tangu mji wa Serikali uanze kujengwa Mtumba, na Dodoma kutangazwa jiji Aprili 26, 2018, mtu akitoka chuoni anakutana na saiti kila upande: Nzuguni, Njedengwa, Ilazo, Msalato. Anaona wenzake waliokaa ofisini wakichora, anaona na wale wenye helmeti wanaoendesha miradi, na anaanza kupiga hesabu. Mhusika ameniruhusu nieleze yote, ila majina tumekubaliana yabaki nje.

Mradi wenyewe ulikuwa hosteli ya wanafunzi karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, ghorofa mbili juu ya ile ya chini, vyumba 48. Mteja ni mzee mfanyabiashara wa alizeti ambaye muda mwingi yuko Singida. Tarehe moja ndiyo iliyobeba kila kitu: chuo kikifungua mwaka wa masomo kabla vyumba havijawa tayari, wanafunzi watakuwa wameshapanga kwingine, na mzee atakaa na jengo tupu muhula mzima huku benki ikidai rejesho lake.

Kiwanja kina pande mbili. Upande wa juu ni changarawe na mwamba mgumu. Upande wa chini, unaoelekea korongo, ni udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukinywa maji, na ukikauka unapasuka hadi kiganja kinaingia kwenye ufa. Mhandisi aliagiza udongo ule utolewe wote, kiletwe kifusi cha changarawe, kishindiliwe tabaka kwa tabaka. Tulianza Septemba 2023 tukiamini tutatoka chini ya ardhi kabla ya mvua, maana Dodoma hupata karibu milimita 570 tu kwa mwaka na sehemu kubwa huanguka kati ya Desemba na Aprili. Lakini mwaka ule ulikuwa wa El Niño. Mitaro ilijaa maji, tukavuta maji kwa pampu, ikajaa tena. Wiki 5 zilipita bila tofali kulazwa juu ya tofali.

Zishike hizo wiki 5 akilini. Mbunifu wetu alikuwa ofisini mjini, michoro yake imekamilika, kibali cha ujenzi kimetoka, hakuna aliyemuuliza kitu. Angeweza kubadilisha lolote kwenye karatasi na lisimgharimu mtu hata shilingi.

Februari 2024 kuta za chini zilikuwa zimefika, lenta imemwagwa. Alikuja saiti saa kumi na moja jioni, akaingia chumba cha upande wa magharibi, akasimama pale ambapo kitanda kingekaa. Nilikuwa naye. Jua la Dodoma la jioni halina huruma, na kupitia dirisha la upana wa mita 1.8 lilikuwa linapiga ukuta wa ndani mpaka usawa wa magoti. Aliweka mkono kwenye tofali, akautoa. "Mwanafunzi atalala hapa vipi?" aliniuliza. Siku mbili baadaye mchoro mpya ulitoka: madirisha yote 24 ya magharibi yapungue hadi mita 1.2, kila moja liwe na vivuli vya zege vya sentimita 40 pembeni.

Alikuwa sahihi, na hilo nalisema kwa mkazo kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hukimbilia kudhani alifanya kosa la ubunifu. Ukiingia leo vyumba vile jioni, jua limeishia kwenye kivuli. Kosa lilikuwa la siku. Vyumba 8 vya chini vilishajengwa, ikabidi kujaza tofali kwenye kingo, kuchimbua ukuta ili kufunga nondo za vivuli, na kumsubiri mhandisi aangalie kama mhimili wa msingi upande wa udongo mweusi utabeba uzito ulioongezeka. Halafu zilikuwepo grili. Mkandarasi alikuwa ameshachomelea zote 24 kwa mkupuo ili abane gharama, zimepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, zimeegemezwa kwenye uzio. Hakuna hata moja iliyoingia kwenye dirisha jipya. Mimi ndiye niliyefanya hesabu ya veriesheni ile, yaani mabadiliko ya kazi iliyokubaliwa kwenye mkataba, na mkandarasi akaomba nyongeza ya muda wa siku 19 za kazi. Alistahili. Mzee alilipa.

Nilimwambia dada huyu ukweli tukiwa kwenye gari kurudi mjini: mabadiliko yaleyale Novemba yangekuwa bure. Alinyamaza mpaka tunafika mzunguko wa mjini, kisha akasema kwamba chuoni, miaka 5 ya studio, aliyesifiwa ni yule aliyebadilisha mchoro usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha na ukawa bora zaidi. Nafikiri hapo alinipa nusu ya uchambuzi huu. Mbunifu analelewa kuuacha mlango wazi mpaka dakika ya mwisho, kwa sababu wazo bora linaweza kuja wakati wowote. Kwenye saiti milango inafungwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na siku yake, na hakuna anayepiga kengele unapofungwa. Anayeendesha mradi kazi yake ya kwanza ni kuzijua siku hizo kabla hazijafika.

Aprili mzee alikuja kutoka Singida. Nilidhani atamkataa. Badala yake alimwambia mbele yangu: "Mwanangu, wewe ndiye uliyenichelewesha, na wewe ndiye pekee unayelijua jengo hili lote. Njoo upande wangu, uniangalizie." Akajibu, "Baba, nikija upande wako sitachora tena." Mzee akasema, "Uchoraji umekwisha. Sasa linajengwa." Dada alichukua wiki moja kufikiri, akaacha kazi ofisini kwake, akaja.

Hapo ndipo swali la mkandarasi linapoingia, nami nalihesabu kuwa kiini cha kisa chote. Mkataba wetu ulikuwa wa fomu ya Baraza la Taifa la Ujenzi. Kwenye fomu ile mbunifu ana kazi kubwa kuliko kuchora: ndiye anayetoa maagizo kwa mkandarasi, hati za malipo, nyongeza ya muda, na hati ya kukamilika kwa kazi. Analipwa na mteja, lakini anatarajiwa kusimama katikati kwa haki pale mteja na mkandarasi wanapovutana. Msimamizi wa mradi aliyeajiriwa na mteja hasimami katikati. Yuko upande mmoja, na hana sababu ya kuona aibu kwa hilo. Balaa linatokea mtu mmoja anapovaa kofia zote mbili. Mkandarasi aliona kwamba sauti iliyomnyima au kumpa nyongeza ya muda mwezi mmoja uliopita sasa inalinda mfuko wa mteja, na bado inamwagiza vigae. Swali lake lilikuwa la haki.

Ijumaa ya wiki ileile barua ilifika, imesainiwa na mzee, ukurasa mmoja. Ilisema ofisi ya awali imemteua mbunifu mwingine kuendelea na majukumu yote ya mkataba. Ilisema msimamizi wa mradi anafuatilia ratiba, anakusanya maamuzi ya mteja, anamshauri mteja kuhusu gharama, na hana mamlaka ya kutoa agizo lolote la kiufundi kwa mkandarasi. Na ilisema agizo la mdomo la vigae lihesabiwe halikutolewa. Kuhusu vigae hivyo, dada aliandika kwa mbunifu mpya kama pendekezo. Mbunifu mpya alilikataa, akieleza kwamba kukata upana kungeongeza mabaki. Dada alisoma jibu, akalifungia kwenye faili. Mimi niliyemjua nilijua lilimchoma.

Mtu anayetaka kuhama namshauri aiandike barua ya namna hiyo kabla ya kukanyaga saiti akiwa na cheo kipya, asisubiri kuulizwa. Na usajili wake kwenye Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi asiuache ufe. Alipie ada, ahudhurie mafunzo. Huyu dada aliulinda, na umekuwa sababu ya wabunifu wenzake kumsikiliza.

Kulikuwa pia na suala la ulimi, ambalo vitabu vya usimamizi haviligusi. Fundi mkuu wetu ni mzee wa Kondoa, amejenga tangu dada huyu hajazaliwa. Akiwa mbunifu, dada alikuwa anatuma michoro na kuja mara moja kwa wiki. Mafundi walimwita "Injinia" kama wanavyomwita kila mwenye helmeti safi, naye alikuwa akiwasahihisha. Alipohamia aliacha kusahihisha. Akawa anafika saa moja asubuhi, anampa fundi mkuu shikamoo yake, anamuuliza habari za nyumbani, halafu anauliza: "Mzee, kesho unahitaji nini ambacho leo hakipo?" Wiki ya kwanza fundi alijibu kwamba kila kitu kipo. Wiki ya tatu akawa anamsubiri getini na orodha kichwani: waya wa kufungia nondo, mchanga mwembamba wa plasta, uamuzi wa kimo cha kizingiti cha bafu. Vitu viwili vya kwanza ni vya mkandarasi. Cha tatu kilikuwa cha mteja, na hakuna aliyekuwa amejua kinasubiriwa.

Kutokana na maswali yale lilizaliwa daftari. Alilianza kwa mkono, baadaye akalihamishia Excel na kubandika nakala ukutani kwenye ofisi ya saiti. Kila uamuzi ambao haujafanyika ulikuwa na mstari: nani anaamua, siku gani fundi anahitaji, siku ngapi za kuagiza na kuleta, akiba ya siku ngapi, na mwisho tarehe yenye wino mwekundu. Chukua madirisha ya aluminiamu. Mafundi wangeanza kuyafunga Septemba 9. Karakana ya Dar es Salaam ambayo mteja aliichagua ilisema siku 21 za kutengeneza. Kusafirisha siku 2. Akiba wiki moja. Ukirudi nyuma siku 30 unafika Agosti 10, na siku hiyo kila kipimo kiwe kimethibitishwa na sampuli imekubaliwa. Hesabu ni ya mtoto wa shule ya msingi. Kazi ngumu ni kuifanya kwa kila kitu, kila wiki, na kumpigia simu mzee Singida kumwambia: "Baba, Ijumaa ndiyo mwisho wa rangi za nje."

Treni ya SGR ilikuwa imeanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 25. Jumanne ya Agosti 6 alipanda asubuhi kwenda kuona sampuli, arudi jioni. Kwa basi, umbali wa kilomita zipatazo 450, safari ile ingemla siku mbili na huenda asingeenda. Alipofika karakana alikuta fremu ya kwanza imesimama, imefungwa vizuri, kioo kimekaa. Ilikuwa na upana wa mita 1.8. Mezani kwa fundi kulikuwa na mchoro wake mwenyewe, ule wa zamani, wenye saini yake. Februari alipotoa mchoro mpya, hakuna aliyeweka orodha ya nani anao ule wa kwanza, naye hakuwa amewaza kuuliza. Aluminiamu ya madirisha yote 24 ingekatwa kwa kipimo hicho. Aliandika "BATILI" kwa kalamu nene juu ya jina lake, akaukunja, akarudi nao. Tangu siku ile kila mchoro unaotoka kwenye mradi anaousimamia una orodha ya waliopewa, na mpya hautoki mpaka wa zamani urudi.

Jambo jingine nililolishuhudia ni la slabu ya pili, iliyomwagwa mwishoni mwa Mei. Zege lilikuwa la daraja la 25, yaani linalotakiwa kufikia nguvu ya nyutoni 25 kwa milimita ya mraba likikomaa, na michemraba ya majaribio ya siku ya 7 ilitoa wastani wa nyutoni 15.4 kwa milimita ya mraba, chini kidogo ya theluthi mbili ya hiyo 25 ambayo mhandisi aliitarajia. Mkandarasi alitaka kutoa mirunda, nguzo zinazoishikilia slabu mpaka zege likomae, mapema aipeleke saiti yake nyingine Nzuguni. Na msimamizi wetu naye alikuwa na hamu ileile, sitamficha: plasta ya ghorofa ya kwanza haiwezi kuanza chini ya msitu wa mirunda, na ratiba ilikuwa imebana. Angekuwa bado mbunifu, angebishana kuhusu zege. Alichofanya ni kumpigia mhandisi na kuuliza: "Uamuzi huu ni wako peke yako? Basi niandikie leo." Jibu lilikuja jioni ileile. Mirunda isiguswe mpaka michemraba ya siku ya 14 ikubalike, na ya katikati ibaki hadi siku ya 28.

Kisha akatafuta njia. Kikosi cha plasta akaomba kianzie ghorofa ya chini, ambayo ilikuwa imefunguka. Kwa upande wa Nzuguni, alimshawishi mzee achangie nusu ya kodi ya mirunda kwa siku 9 ili mkandarasi asione sababu ya kuja kuichomoa yetu usiku. Nilipiga hesabu: mchango ule ulikuwa chini ya malipo ya siku 2 ya kikosi cha plasta kikikaa bure. Ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 16 mwaka uleule, alinipigia simu usiku. Tuliongea muda mrefu, na karibu mazungumzo yote yalikuwa kuhusu ile mirunda.

Watu huniuliza kuhusu cheti. PMP, cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, mwaka 2024 kwa mwenye shahada ya miaka minne au zaidi ilitaka miezi 36 ya kuongoza miradi ndani ya miaka 8 iliyopita na saa 35 za mafunzo, halafu mtihani wa maswali 180 kwa dakika 230. Anajiandaa nao, ni jambo jema, hasa kwa miradi ya wafadhili. Ila mwaka ule kilichomwokoa ni kuusoma mkataba mara mbili na kumheshimu fundi mkuu.

Gharama ya kuhama niliiona Septemba, kwenye ngazi. Alikuwa amechora reli ya ngazi ya mninga, iliyochongwa kwa mkono, inayopinda kwenye kona bila kukatika. Ni kitu alichokipenda kuliko vyote kwenye jengo lile. Nimeona michoro yake ya penseli ya reli ile, kama kumi hivi. Mstari wake kwenye daftari ulikuwa na tarehe nyekundu ya Agosti 24, kwa sababu mninga mbichi kwenye hewa kavu ya Dodoma unaweza kupinda na kupasuka, na mkavu ulikuwa hauonekani sokoni. Tarehe ikapita. Mbunifu mpya, ambaye alikuwa ameheshimu wazo la mwenzake, alitaka tusubiri. Msimamizi wetu ndiye aliyepeleka kwa mzee pendekezo kwamba lije bomba la chuma la milimita 50.

Mzee alimuuliza, "Wewe mwenyewe unapenda lipi?"

"Ninapenda mninga, Baba. Ninakushauri bomba."

Mzee alimtazama muda, akasema lije bomba, na mbunifu mpya akaandika agizo. Vyumba vilikabidhiwa Oktoba, tukaacha jiko la nje na orodha ya kasoro ya kurasa 4 kwa ajili ya kipindi cha matazamio, muda ambao mkandarasi bado anarekebisha kasoro. Siku mbili kabla ya makabidhiano nilimkuta jioni kwenye ngazi, peke yake, amekaa kwenye kidato na kipande cha msasa. Mchomeleaji alikuwa ameacha maungio yenye makali, na rangi ilikuwa ipakwe asubuhi. Aliniambia amemuuliza mbunifu, amemuuliza na mkandarasi, wote wamekubali. Alikuwa ameshamaliza ghorofa ya kwanza. Nilichukua kipande kingine cha msasa nikaanzia juu.